Nani Akague Shokapu za Shangingi?

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, akiisha kuipita Misigiri na kuiacha mkono wa kulia njia iendayo Kiomboi, hufika mahali ambapo nchi ya juu ya Iramba hukatika ghafula, na chini yake ikadhihirika mbuga ya Wembere, pana, tambarare, isiyo na kilima cha kulizuia jicho. Na mahali hapo ndipo Sekenke. Jina hili lilijulikana kwa dhahabu kabla halijajulikana kwa mteremko, kwa kuwa Wajerumani walianza kuchimba hapa mwaka 1909, na yasemwa ya kwamba dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo, wakati serikali yao ilipokuwa imezingirwa na vita. Lakini dereva wa leo hana habari ya tembo wala ya rupia. Kwake yeye Sekenke ni kona, ni lori lililotangulia likitoa harufu ya breki zilizopata moto, ni mguu wa kulia usiotulia; na ingawa lami iliyotandikwa katika miaka ya 2000 imeupunguzia mlima huu hofu ya zamani, haikukipunguzia uzito kitu kinachoshuka.

Katika vyombo vyote vishukavyo hapa, yaani malori ya Rwanda na Burundi, mabasi ya Mwanza, pikipiki za wachimbaji na matela ya ng'ombe, nataka kusema juu ya kimoja tu, nacho ni lile gari kubwa la kifahari ambalo watu wamelipa jina la shangingi: Land Cruiser, Prado na jamaa zao. Dai langu ni jepesi kulieleza, na huenda likawa zito kulikubali. Katika barabara hii hilo ndilo gari lisilokaguliwa na mtu ye yote. Na katika viungo vyake, kile kichakaacho kwa siri kuliko vyote ni shokapu za mbele.

Lori likipita hupimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyotungwa mwaka 2016 na kuanza kutumika kwetu tarehe 1 Machi 2019, imeliamuru kila gari la kilo 3,500 na zaidi lipande mizani, na dereva aliyezidisha hulipa faini kabla hajaendelea na safari. Basi nalo lina LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya kulitazama, lina ratiba, lina kikomo cha mwendo, na abiria zaidi ya hamsini ambao kila mmoja wao ana simu na ulimi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa katika makazi kwa watu wote, na kilomita 80 kwa mabasi na malori mazito. Lakini bwana aliyeketi ndani ya shangingi la V8, akiisha kutoka katika makazi, hakuwekewa kikomo cha namna hiyo. Tena Land Cruiser 200, likijazwa watu na mizigo hadi ukomo alioukubali aliyeliunda, lina kilo 3,300 na ushei. Maana yake ni kwamba limeikwepa mizani kwa uzito wa abiria wawili tu.

Yabaki macho ya askari wa usalama barabarani, na juu ya haya sitaki kusema kwa ukali, maana kazi yao ni ya jua na vumbi na watu wajuao kupiga simu. Hata hivyo ye yote aliyewahi kusimama kando ya kizuizi kwa muda wa kutosha ameyaona yafanyikayo: gari bovu husimamishwa, dereva akaamriwa awashe taa, akanyage breki, aoneshe kizimamoto na pembetatu, kisha likaja gari jeupe refu lenye vioo vyeusi, na mkono uliokuwa umeinuliwa kusimamisha ukageuka ukawa mkono wa kupungia. Sidhani kwamba askari amekosa ujasiri peke yake. Nadhani naye, kama sisi sote, anaamini ya kuwa gari la thamani kubwa haliwezi kuwa bovu.

Imani hiyo ni batili, na ubatili wake waonekana kule gari lenyewe lilikotoka. Mengi ya magari haya yametumika kwanza Japani, nchi ambayo gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, ukaguzi wa gharama ambao wenyewe huuita shaken. Na aghalabu gharama hiyo ndiyo imfanyayo mwenye gari aliuze wakati bado lina nguvu, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam. Hutazamwa linapoingizwa nchini, na baada ya hapo, likiwa si la abiria wala la mizigo, laweza kuishi miaka 15 bila ya kiumbe kuingia uvunguni mwake ila fundi aliyeitwa kwa sababu kitu kimekwisha kukatika. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama hubandikwa kiooni kila mwaka, na mimi ninaiheshimu. Lakini uvunguni haina habari.

Sasa na tuiangalie shokapu yenyewe, kwa kuwa watu wengi, na wasomi wamo, huichanganya na springi. Springi ndiyo ibebayo uzito wa gari. Ukiiacha peke yake itabeba sawasawa, lakini ikigonga shimo itajikunja, itajinyosha, itajikunja tena, na haitatulia mpaka imechoka, na gari litapanda na kushuka pamoja nayo. Shokapu haibebi uzito; kazi yake ni kuizuia springi isicheze. Ndani yake mna pistoni iliyotobolewa vitundu na kuwekwa vali, nayo husukumwa ndani ya mafuta. Mafuta hupita kwa shida katika vitundu vile, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto, joto likatoka kupitia ganda la chuma na kupotea hewani. Ndiyo sababu baada ya mwendo mrefu wa barabara mbaya shokapu haishikiki kwa mkono. Katika shokapu za siku hizi hutiwa pia gesi ya naitrojeni, ili mafuta yasifanye povu, maana pistoni ikipita katika povu ni kana kwamba haina kitu cha kuizuia. Katika Prado na katika Land Cruiser 200 springi na shokapu ya mbele zimeunganishwa pamoja, moja imeizunguka nyingine, zikasimama wima baina ya mkono wa chini wa gurudumu na mnara wa chesisi. Kwa hiyo shokapu ikifa, kuitoa si kazi ya bolti mbili, na jambo hili lina uhusiano mkubwa na uvivu wetu wa kuibadilisha.

Shokapu haifi kwa kishindo. Sili iliyo juu huanza kutoa unyevu, vumbi likaganda juu ya unyevu, gesi ikapungua, vali zikalegea; na kwa kila kilomita elfu gari huwa baya kidogo, kiasi ambacho mwili wa dereva huzoea kabla akili haijatambua. Mtu aendeshaye gari lake kila siku ni shahidi dhaifu kuliko wote katika kesi hii. Ukimpa mgeni usukani wa gari lile, atakuambia katika dakika ya kwanza ya kuwa pua inainama mno ukikanyaga breki, na kwamba katika kona gari huchelewa kutulia. Mwenyewe atakujibu ndivyo lilivyo tangu hapo. Wako watengenezaji wa shokapu wanaoshauri zikaguliwe kila kilomita 20,000, na ubadilishaji ufikiriwe zikikaribia kilomita 80,000, na hao wanasema juu ya barabara zao, si juu ya njia ya vumbi iendayo vijijini kwetu yenye mikunjo ifuatanayo bila ya kukoma, ambayo huitikisa pistoni mara nyingi kwa kila pumzi ya dereva.

Iko desturi ya kulibonyeza gari kwa mikono kwenye boneti na kuhesabu litacheza mara ngapi. Kwa gari dogo lisilo zito desturi hii yaweza kusaidia kidogo. Kwa gari la tani mbili na nusu ni mchezo wa watoto, maana mtu hana uzito wa kuitikisa springi ile, na likikataa kucheza huondoka akijisifu kwamba shokapu zake ni nzima. Dalili za kuaminika ziko penginepo: mafuta yaliyochuruzika juu ya ganda, tairi iliyoliwa kwa mabaka mabaka badala ya kuliwa sawasawa, na mlio wa kugonga utokao juu ya gurudumu gari linapopanda tuta kwa pembe.

Na sasa lichukue gari la hali hiyo ulipandishe Sekenke, uliteremshe. Kila gari lishukalo huuelekeza uzito wake mbele, na breki huuongeza uelekeo huo. Kwa hiyo katika mteremko ni magurudumu ya mbele yafanyayo sehemu kubwa ya kazi, nayo hayawezi kufanya kazi isipokuwa yameikanyaga lami. Shokapu nzima hulizuia gurudumu lisiruke. Shokapu iliyokufa huliacha liruke, na kila linaporuka, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, breki haishiki kitu na usukani hauamrishi kitu. Muda huo mfupi ukikutana na kona, au na rasta zilizowekwa barabarani ili kupunguza mwendo, au na ndama aliyemfuata mamaye kuvuka, ndipo tunaposoma gazetini ya kwamba gari liliacha njia. Ajali hizo huandikiwa sababu ya mwendo wa kasi, na mwendo wa kasi kweli upo. Lakini ni nadra kusoma kwamba mtu aliingia uvunguni akaangalia. Tena gari refu kwenda juu, lenye watu sita na mizigo darini, likianza kuyumba baada ya kumkwepa mpanda baiskeli, huendelea kuyumba upande wa pili kwa nguvu zaidi kuliko lilivyoanza, iwapo hakuna cha kuituliza springi.

Wala mtu asidhani kwamba ukubwa wa gari ndio unaoishinda barabara mbaya. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa mwaka 1966 na mwaka 1967 na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404, gari la kawaida la watu wa kawaida, ambalo mbele yake springi iliizunguka shokapu kwa mtindo uliobuniwa na Mmarekani MacPherson na kuonekana katika Ford Consul ya Uingereza mwaka 1950. Washindani wale walijua jambo ambalo wenye V8 wamelisahau, nalo ni kwamba shokapu ni kitu cha kutumika na kwisha, mfano wa mafuta ya injini. Mafundi waliwangoja njiani na spea mikononi, na kubadilisha shokapu katikati ya mashindano hakukuwa aibu wala hasara.

Siku moja nilipopita Sekenke, chini ya mteremko, katika upande wa kijiji cha Shelui, palikuwa na Prado limeinuliwa kivulini mwa mti, na dereva wake ameketi juu ya gurudumu lililotolewa. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye ovaroli isiyo na rangi tena, na namna yake ya kufanya kazi ndiyo iliyonifanya nisimame. Kwanza aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akaikataa jeki peke yake. Akaingiza gogo la mninga chini ya chesisi, akalishusha gari mpaka likalala juu ya gogo. Akafungua linki ya stabilaiza, akaondoa kishikizo cha waya wa ABS na cha mpira wa breki ili visivutike, akapigapiga boljointi ya juu ikaachia, akaitoa bolti ya chini iliyoishika shokapu, kisha akaenda kwenye boneti.

Hapo juu ya mnara pana nati tatu katika duara, na katikati yao nati moja. Zile tatu alizifungua. Kijana wake aliinua spana kuielekea ya katikati.

"Hiyo usiiguse," fundi alisema bila ya kuinua sauti. "Hiyo imeshika roho ya mtu."

Naye hakukosea. Nati ya katikati ndiyo izuiayo springi iliyobanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Ukiifungua kabla springi haijafungwa kwa vibano, huruka na kila kilicho juu yake, na uso wa mfunguaji ndio ulio karibu. Kigongo kilipotoka chote, springi na shokapu pamoja, fundi alikilaza chini na kuleta vibano viwili vya chuma vyenye parafujo ndefu, akavikabilisha, akavikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, mpaka springi ikaachana na bakuli lake la juu. Ndipo nati ile ikafunguliwa. Niliuliza wasio na vibano hufanyaje.

"Hufunga kwa waya, mzee," alijibu. "Au kwa mnyororo wa ng'ombe. Siku ukikatika huwa hawahadithii."

Shokapu ya zamani aliisimamisha juu ya jiwe akaibonyeza kwa kiganja. Iliingia pasipo ubishi, na haikurudi. Dereva aliitazama kama mtu aliyeoneshwa jino lake mwenyewe lililong'olewa, akasema bosi wake alikuwa akilalamikia viti.

Mambo mawili ya fundi yule yanastahili kuandikwa kwa kuwa ndiyo yanayoachwa na wengi. La kwanza, hakukubali kubadilisha upande mmoja, ingawa dereva alisema wa pili hauvuji; shokapu mpya kushoto na chovu kulia hulifanya gari livute upande katika breki, na hasara yake huonekana katika kona kabla ya kuonekana penginepo. Pamoja na shokapu alidai raba ya kichwa, ambayo mafundi huiita mauntingi, na kile kizuizi cha mpira kilicho ndani ya mfuko wa vumbi, maana raba iliyopasuka huigonga shokapu mpya kama ilivyoigonga ya zamani. Springi alizirejesha zile zile, kila moja upande wake, akitazama alama za rangi, kwa sababu katika baadhi ya Prado springi ya kulia na ya kushoto hazilingani. La pili, bolti za mikono ya chini hakuzikaza gari likiwa hewani. Alizishika tu, akarudisha gurudumu, akalishusha gari likasimama kwa miguu yake, akaliyumbisha, kisha akaingia uvunguni kwa mgongo na kuzikaza. Bushi ikikazwa mkono ukiwa umening'inia hubaki imesokotwa maisha yake yote, ikapasuka mapema, na mwenye gari akalaumu spea. Kasoro moja haikuwa ya fundi: hakuna mashine ya kunyosha magurudumu hapo, na shokapu mpya ikilinyanyua gari kidogo, pembe za magurudumu hubadilika; kwa hiyo alimwagiza dereva asipite mji wenye mashine hiyo bila ya kupima.

Fundi huyu alinichangamsha, nami nakiri kwamba sikutarajia kuikuta elimu hiyo chini ya mti. Lakini sheria ya nchi haiwezi kujengwa juu ya bahati ya kumpata mtu kama yeye. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, imewekwa na sheria tangu mwaka 1994 na ina chuo chake Singida. Mafundi wa kando ya barabara kuu wangefundishwa na kupimwa hata kwa muda mfupi, wakapewa cheti na kuwezeshwa kununua vibano vya springi na spana ya kupimia mkazo, faida ingekuwa kubwa kuliko mabango yote ya tahadhari yaliyosimamishwa mlimani.

Shokapu mpya ziligharimu fedha nyingi, na dereva alisema kwamba mara ya mwisho walifungiwa za mtumba. Hapa pana biashara kubwa. Spea zilizovunjwa kutoka magari ya Japani na ya Ghuba, nyingi zikipitia Sharjah ambako wafanyabiashara wetu wanajulikana mtaa kwa mtaa, hufika Kariakoo na Gerezani, zikasambaa bara hata madukani mwa wilaya. Mimi si adui wa mtumba. Mlango wa mtumba ni mlango. Kioo cha mtumba ni kioo. Hata injini ya mtumba yaweza kusikilizwa ikinguruma. Lakini shokapu ya mtumba imekwisha kufanya kazi kilomita nani ajuaye ngapi, na kilichomo ndani hakionekani kwa jicho. Ikioshwa kwa petroli na kupakwa rangi nyeusi hung'aa kuliko mpya. Katika vijiji hivi vya Sekenke na Shelui mchimbaji akileta chembe ya dhahabu, mnunuzi hataitoa fedha yake mpaka ameipima na kuihakiki, na hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Lakini bwana yule yule mwenye mizani ya dhahabu hununua shokapu kwa kuangalia rangi, akapanda gari na wanawe, akaukabili mlima. Rai yangu ni kwamba shokapu, boljointi na mipira ya breki vilivyotumika viondolewe kabisa katika orodha ya bidhaa za mtumba ziruhusiwazo. Najua wauzaji watalia. Najua pia kwamba bei ya mpya itampa shida mwenye gari dogo la teksi, na kwake yeye ningekubali ushuru wa shokapu mpya upunguzwe. Kwa mwenye shangingi sina huruma hiyo, maana aliyeweza kulinunua gari la bei ya nyumba aweza kulinunulia miguu.

Watu wa fikra nyingine watasema kwamba nchi ina maradhi makubwa kuliko shokapu za matajiri. Wangekuwa na hoja, lau gari la tajiri lingemgonga tajiri peke yake. Barabara inayopita Sekenke haina njia ya waendao kwa miguu, na wale wavukao ni wanafunzi, wachunga ng'ombe na wanawake wenye ndoo. Isitoshe, sehemu kubwa ya mashangingi haya si mali ya tajiri ye yote. Ni mali ya umma, ya wizara, ya halmashauri, ya miradi, na yanapaswa kutengenezwa na TEMESA, wakala wa ufundi wa serikali, au kwa idhini yake. Dereva wa gari la namna hiyo hujua gari lake linaumwa kabla ya mwenye kuketi nyuma, lakini cheo chake hakimruhusu kusema "Mheshimiwa, leo tusishuke mlima". Atasema "ndiyo mkuu", na mkuu ataulizia mbona twachelewa kikao. Kwa hiyo hukumu ya kwamba shokapu imekufa isiachiwe dereva anayeogopa, wala mkubwa aliyelala nyuma, wala askari anayepungia mkono. Iachiwe chombo.

Na chombo kipo. Ulaya hutumika mashine ambayo gurudumu husimamishwa juu ya bamba, bamba likatetemeshwa, na kipimio kikaandika ni sehemu gani ya uzito wa gurudumu inayobaki imeligandamiza bamba hata mtikisiko unapofika kilele. Kila gurudumu humaliza kwa muda mfupi, na majibu hutoka kwa tarakimu, kulia na kushoto, zisizojua cheo cha mtu. Uingereza imekuwa na ukaguzi wa lazima wa magari ya watu binafsi tangu mwaka 1960, na shokapu zimo katika orodha yake. Sisi tunavyo vituo vya mizani ambavyo vina uwanja, vina umeme, vina watumishi wa zamu usiku na mchana. Mashine moja ya namna hii ikiwekwa katika kituo cha mizani cha mkoa wa Singida, na kanuni ikaandikwa kwamba kila gari la serikali na la shirika la umma lipitalo lipimwe walau mara moja kwa mwaka, tutakuwa tumeanza bila ya kumtoza mwananchi hata senti, na baada ya mwaka tutakuwa na hesabu za kweli za kuamulia kama magari ya watu binafsi nayo yafuate. Mimi naamini hesabu hizo zitatutia haya.

Gari litakaloshindwa lisizuiliwe njiani, kwa maana mkubwa akikosa kikao atapata kisingizio cha kuifuta kanuni. Lipewe siku 14 na barua kwa afisa usafirishaji, na fedha za matengenezo zitoke katika fungu la safari la ofisi hiyo hiyo, si katika fungu lingine. Na karatasi ya majibu, yenye tarakimu za gurudumu la kulia na la kushoto, isibandikwe kwenye kioo cha mbele pamoja na stika nyingine ambazo dereva peke yake huzisoma. Ibandikwe nyuma ya kiti cha mbele, mbele ya macho ya anayeketi nyuma.